Kwa nini molekuli sita za maji hazijikusanyi daima katika umbo lenye nishati ndogo kabisa?

Mwanafunzi wa kemia, mwaka wa tatu
Habari zenu wanakemia. Ninasoma kuhusu kundi la molekuli sita za maji. Kundi hilo linaweza kuchukua maumbo kadhaa: la mche lina vifungo 9 vya haidrojeni (mivutano inayounganisha molekuli moja na nyingine), la kizimba 8, la kitabu 7 na la pete 6. Hesabu zisizojumuisha mitikisiko ya atomi huupa mche nishati ya chini kabisa, lakini vipimo vya mwaka 1996 vilionyesha kizimba, na vya mwaka 2000 vikaonyesha pete. Je, vipimo hivyo vinapingana?

Mwalimu wa kemia ya nadharia
Ndugu, havipingani. Mandhari ya nishati ni kama nchi ya mabonde: kila bonde ni umbo thabiti, na mlima unaotenganisha mabonde mawili ni gharama ya kuvunja vifungo na kuviunga upya. Bonde linaweza kuwa na kina kirefu na bado lisifikike. Mwaka 2000 watafiti Nauta na Miller waliingiza maji katika matone ya heliamu kimiminika, yenye joto la takriban kelvini 0.4 (juu kidogo tu ya sifuri halisi, joto la chini kabisa liwezekanalo), molekuli moja baada ya nyingine. Kwa maelezo yao, heliamu ilinyonya haraka joto lililotoka kila molekuli ilipojiunga, hivyo pete ya molekuli tano ikafunguka, ikaipokea ya sita, kisha ikanaswa humo kwa kukosa nishati ya kuvuka mlima kuelekea kizimba. Mimi naliona jaribio hili kuwa zuri mno, kwa sababu linatuonyesha njia ambayo kundi lilipitia.

Mtafiti wa spektroskopia
Naongezea kuhusu mche na kizimba. Hata kwenye sifuri halisi atomi haziachi kutikisika, na nishati ya mtikisiko huo lazima ijumlishwe juu ya sakafu ya bonde. Mche, uliokazwa na vifungo vingi zaidi, hubeba nyongeza kubwa zaidi, na kwa kuwa tofauti ya maumbo haya mawili ni ndogo sana, nyongeza hiyo inatosha kukishusha kizimba chini yake. Mwaka 2012 spektroskopia ya mzunguko (upimaji wa mawimbi ambayo molekuli hunyonya au kutoa zinapozunguka) ilitambua mche, kizimba na kitabu katika gesi iliyopozwa kwa kutanuka ghafla, na kizimba ndicho kilichothibitika kuwa cha chini kabisa.

Mwanafunzi wa kemia, mwaka wa tatu
Nashukuru sana, walimu wangu. Je, kwa molekuli tano heliamu nayo ingeleta tofauti?

Mwalimu wa kemia ya nadharia
Hapana. Kuanzia molekuli 3 hadi 5, pete yenyewe ndiyo bonde la chini kabisa, kwa hiyo njia zote mbili, ya matone ya heliamu na ya gesi iliyopozwa, hufikia umbo lile lile.