Mjadala: Kifungo cha miaka 30 kinamlinda mwanafunzi, au kinamsukuma atoe mimba?

Mleta mada:
Wadau, ikisikika tu mwanafunzi katoa mimba, tunakimbilia maadili, simu na sketi fupi. Mimi ni muuguzi, zahanati yetu inapakana na shule ya kata. Mwezi wa nne aliletwa binti wa kidato cha pili, shangazi yake anasema ni malaria. Alikuwa kajifunga khanga mbili juu ya sketi ya shule na zote zimelowa damu. Tumemtundikia dripu, tunasubiri gari la kumpeleka hospitali ya wilaya, simu yake inaita haikomi. Jina: "Fundi Cherehani". Kumbe huyo fundi ni baba mtu mzima, ana mke na duka. Ndiye aliyempa mimba, na ndiye aliyetuma hela ya vidonge, 40,000 na ya kutolea.

Hoja yangu ni hii. Tangu Sheria ya Elimu hapa Tanzania irekebishwe mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 jela. Tumbo likionekana, huo ni ushahidi unaotembea, na mwenye hela anaulipia utoweke mapema. Binti naye akiharibikiwa haendi hospitali, maana Kanuni ya Adhabu inampa hadi miaka 7 kwa kujitoa mimba. Anakaa ndani mpaka azidiwe, halafu anasema malaria.

Mchangiaji wa kwanza:
Kwa hiyo mafataki waachwe? Nina mabinti watatu, dada yangu, hapo hatuelewani. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshapata mimba. Ule wa 2015-16 ulikuta 27. Sheria inawatisha.

Mleta mada:
Kaka, sijasema waachwe. Ila takwimu hizo zinatokana na kuulizwa ana kwa ana. Nani atamwambia mgeni mwenye kishikwambi kwamba alitoa, wakati ni jela?

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mwalimu, nimekuwa matroni miaka sita. Mmesahau kupima. Shule ikifunguliwa tunawapanga mstari, kila mmoja na kikopo cha mkojo. Wasichana wanaijua hiyo siku kuliko wanavyoijua siku ya mtihani. Mwenye wasiwasi anamaliza mambo wiki ya mwisho ya likizo, na muhula unaanza kuna viti vitupu viwili vitatu, "wanaumwa". Kikopo chetu nacho kinatoa mimba, tusijifiche.

Halafu mageto. Mtoto wa miaka 15 anapanga chumba karibu na shule kwa sababu kwao ni mbali, unga ukiisha Jumatano nani anamsaidia? Bodaboda.

Mchangiaji wa tatu:
Mnatafuta sababu za nje tu. Kutoa uhai ni kutoa uhai. Na si umaskini kila mara: binti wa mzee mmoja wa kanisa letu hakukosa kitu kwao, alitoa kwa kuogopa baba yake angeuweka wapi uso Jumapili.

Mleta mada:
Hapo kwenye aibu nakuunga mkono kabisa. Hata ruhusa ya kurudi shule imemezwa na aibu. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema jukwaani kwamba mwenye mtoto harudi darasani. Novemba 2021 wizara ikageuza, ukatolewa waraka wa kuwarudisha. Yule binti alipopona nilimuuliza kama anajua. Akanijibu, "Si ukizaa ndo basi?"

Mchangiaji wa pili:
Waraka kwetu umebandikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Mwanafunzi haingii mle ila akiitwa kuchapwa.

Mchangiaji wa nne:
Mimi nilizaa nikiwa kidato cha tatu nikarudi, sasa nasubiri matokeo. Darasani waliniita "mama wawili" wakati mtoto ni mmoja. Nilitaka kutoa, hela nilishapewa. Mama alizikuta ndani ya begi la daftari, akanunua nazo beseni na nepi. Aliyenipa hakufungwa, alihamia Kahama.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole mwanangu. Huyo ndiye nataka afungwe.

Mchangiaji wa nne:
Hata mimi, baba. Ila nilijua kwamba nikimtaja polisi wanakuja shuleni kunihoji mbele ya walimu. Na sikumtaja.