Mrejesho: kaka aliyeuza mtungi wa gesi

Mnaokumbuka, niliuliza kama nimfukuze kaka'angu baada ya kuuza mtungi wa gesi wa mama akanunue unga, yaani heroini. Wengi mlisema atoke. Mmoja akauliza: alipatwa na nini kabla ya unga?

Nilikasirika, kisha nikamuuliza mama. Kumbe siku feri ya Mtongwe, hapa Mombasa, ilipozama, Aprili 1994, watu 272 wakafa, kaka alikuwemo, miaka minane, kashikwa mkono na baba. Baba hakurudi. Mama akaficha picha zote, ikawa hakuna wa kulitaja. (Mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni.)

Hatukumfukuza. Ni mwezi wa tatu sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kumwachisha heroini, kliniki ya Kisauni. Kila siku hunywa mbele ya nesi, na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imetulia. Aliteleza mara moja. Taabu ni kwamba sisi tuko Likoni, na njia yetu ni feri. Ndipo nilipoelewa kwa nini zamani alivuta kwanza ndipo avuke. Juzi alinishika ncha ya leso mpaka ng'ambo, jasho linamtiririka, hasemi neno.

Mama naye huenda kwa mshauri, kwa kununa. Picha ya baba imerudi ukutani. Mtungi bado, tunapikia makaa.