Naomba ushauri: nimalize Kigiriki kwanza au nianze Kikopti?

Wakuu, habari za jioni. Nimenaswa na ile papiri (hati ya kale ya mafunjo) inayotunzwa Hamburg, Ujerumani, ya mwaka 300 hivi BK. Kitabu cha Mhubiri kimo kwa Kigiriki na kwa Kikopti (lugha ya Wakristo wa kale wa Misri), Wimbo Ulio Bora na Maombolezo kwa Kikopti tu, halafu Matendo ya Paulo, ambayo hata kwenye Biblia zetu hayamo! Kigiriki najikongoja. Kikopti ndiyo kwanza niko kwenye herufi: nyingi ni zilezile za Kigiriki, ila nikifika kwenye ϣ, ile ya “sh” iliyotoka kwenye mwandiko wa Kimisri wa kale, nakwama. Sasa vitabu vingi vya kujifunzia ni vya Kisahidi, lahaja mojawapo ya Kikopti, na Kikopti cha papiri hii ni cha lahaja ya Fayyum, eneo la Misri. Nikianza na Kisahidi nitapotea? Aliyepita njia hii anishike mkono.