Fomu ya ruhusa kwa somo la Montgomery

Mama Neema:
Wapendwa, shikamooni wakubwa. Binti yangu wa darasa la pili kaja na fomu. Bila saini ya mzazi haingii somo la watu weusi kususia mabasi ya ubaguzi kule Montgomery, Alabama, Marekani. Nimesaini, ofisi ya shule imeirudisha, eti jina langu kwenye I-94, ile karatasi ya kuingilia Marekani, halifanani na la usajili. Mwisho ni Ijumaa. Nani kapitia haya?

Baba Zuhura:
Pole dada. Sisi walitusumbua kwa karatasi za chanjo tulizokwisha kupeleka. Mfundishe nyumbani. Mimi nilimwambia Zuhura kwamba Rosa Parks alikuwa bibi aliyechoka, akakaa kiti cha wazungu ndani ya basi, mwisho.

Mama Imani:
Baba Zuhura, hapana! Tusiwape watoto habari nusunusu. Alikuwa na miaka 42, katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Alikaa safu ya katikati, walikoruhusiwa watu weusi. Mzungu mmoja alipokosa kiti, dereva akaamuru wote wanne wa safu ile wainuke. Watatu wakainuka, Rosa akakataa. Na Machi mwaka huohuo, 1955, Claudette Colvin wa miaka 15 alishakataa kuinuka akakamatwa.

Waambieni pia habari za Georgia Gilmore, mpishi. Yeye na kina mama wenzake walikaanga kuku, wakaoka keki, wakauza, na pesa zikasaidia magari yaliyowapeleka watu kazini. Mgomo ulidumu siku 381! Wanangu walielewa hapo, maana wanatuona tunavyochangishana msiba ukitokea.

Mzee Odhiambo:
Mama Imani umesema kweli, ila na yetu tusiyasahau. Baba yangu alivaa kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, shingoni, ndani ya kikebe cha bati, ndipo aruhusiwe kufanya kazi Nairobi. Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni Kenya, alipokamatwa 1922, umati ulikwenda kituo cha polisi kudai aachiwe, ukapigwa risasi. Wajukuu wangu wanamjua Martin Luther King, Thuku hawamjui. Inaniuma sana.

Baba Zuhura:
Shikamoo mzee. Lakini hayo ni ya ukoloni, Mama Neema anauliza ya shule.

Mzee Odhiambo:
Marahaba. Ubaguzi ni uleule, kijana. Nairobi nayo ilikuwa na mitaa ya wazungu, ya Wahindi na yetu. Jumamosi saa nane leteni watoto kwangu, niwasimulie yote mawili. Mama Imani, njoo na picha za Montgomery kama unazo. Piteni mlango wa nyuma, mbele wanachimba barabara.