Kupima nafasi ya tovuti: hali fiche, Search Console au programu ya kufuatilia?

Msukakurasa (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Juzi nimeumbuka mbele ya mteja na bado linanikaa rohoni. Miezi minne nimehangaika na tovuti yake ya masomo ya gitaa. Nikafungua laptop, nikaandika Google "kujifunza gitaa kwa wanaoanza", ukurasa wetu huo hapo, wa pili. Mteja akachomoa simu, akaandika maneno yale yale. Akashusha, akashusha, tukaukuta wa kumi na nne. Akaniangalia tu.

Najua kila mtu huletewa matokeo yake. Ninachotaka kujua ni hiki: kati ya hali fiche (dirisha la kivinjari lisilotumia akaunti wala historia yako), Search Console (zana ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti inavyotokea kwenye utafutaji) na zile programu za kulipia za kufuatilia nafasi, kipi niweke kwenye ripoti bila kumdanganya mtu?

fundi_kimya
Pole mkuu. Hebu jiulize, ukurasa huo unaufungua mara ngapi kwa siku kwenye laptop hiyo? Google walianza na walioingia kwenye akaunti, ila tangu Desemba 2009 hata asiye na akaunti hubinafsishiwa. Wakati ule walitumia kuki (faili dogo ndani ya kivinjari) iliyotunza siku 180 za utafutaji wake. Kila ukiubofya ukurasa wako unaiambia injini kwamba huu ndio unaoupenda. Mimi natumia hali fiche tu. Ni bure, sekunde mbili umemaliza.

Zuhura_K
Fundi, hapo tunatofautiana. Hali fiche inakuvua akaunti na historia, basi. Anwani ya IP (namba ya mtandao wako) ni ile ile, lugha ile ile, kifaa kile kile. Na Google wenyewe walisema mwaka 2018 kwamba historia ya mtu inabadilisha matokeo kidogo sana. Vyenye nguvu ni mahali ulipo, lugha, na mara nyingine ulichotafuta dakika moja kabla.

Mwaka huo huo DuckDuckGo, injini ya utafutaji inayoshindana na Google, walitoa utafiti wao: watu walitafuta neno moja kwa wakati mmoja, wametoka kwenye akaunti, wako hali fiche, na bado matokeo yalitofautiana. Google wakapinga kwamba huo ni ubinafsishaji, wakataja mahali, lugha, kifaa na muda. Mimi sina haja ya kuamua nani alishinda. Kwa mtu anayepima nafasi maana ni moja: dirisha fiche si dirisha la kila mtu.

Jaribu hivi. Tafuta neno lako kisha shuka hadi mwisho wa ukurasa, utaona eneo ambalo Google inadhani upo. Wakati mwingine hukuandikia pia kwamba matokeo yamebinafsishwa, na kukupa kiungo cha kujaribu bila hilo. Ukikibofya, anwani inaongezewa pws=0. Weka kurasa mbili ubavu kwa ubavu. Lakini kumbuka pws=0 haigusi eneo, hapo unabaki vilevile.

Mpimaji
Search Console, na sioni cha kubishania. Yote mliyotaja ni jicho la mtu mmoja. Search Console inachukua kila aliyeonyeshwa ukurasa wako, awe amebinafsishiwa au la, inatoa wastani.

Ila wastani huo usomwe kwa akili. Tuseme ukurasa umeonyeshwa mara 1,000: mara 900 ukiwa wa 4, mara 100 ukiwa wa 30. Wastani ni 6.6, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuona kwenye nafasi hiyo. Kuna na hili linalowatisha wengi: ukianza kutokea kwa maneno mapya, chini kabisa huko, wastani unaharibika wakati tovuti inakua. Usitazame namba ya tovuti nzima. Chuja neno moja, halafu nchi, halafu kifaa.

Na ujue mipaka yake. Data ni ya miezi 16 tu, maneno yanayotafutwa na watu wachache hufichwa kulinda faragha, na usipoonyeshwa kabisa hakuna kinachohesabiwa.

kokotoa
Mpimaji kasema kweli, ila Search Console haikuonyeshi mshindani hata siku moja. Hapo ndipo programu ya kufuatilia inapostahili hela yake. Inatafuta kila siku kutoka sehemu ile ile, kwa kifaa kile kile, bila historia. Mtafutaji wa namna hiyo hayupo duniani, lakini kwa sababu habadiliki, ukipanda au ukishuka unajua si kwa sababu yake.

Nyongeza kidogo: Septemba 2025 Google waliondoa uwezo wa kuita matokeo 100 kwa ukurasa mmoja. Mara watu wengi wakaona maonyesho yao (mara ambazo kurasa zao zilitokea kwenye matokeo) kwenye Search Console yameporomoka na wastani wa nafasi umekuwa mzuri ghafla. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba programu hizi zilikuwa zinahesabiwa kama watu zinapochimba hadi ukurasa wa kumi. Kwa hiyo mkuu, ukilinganisha kabla na baada ya mwezi huo, mwandikie mteja pembeni.

Msukakurasa
Nimerudi wakuu. Nimechuja kama Mpimaji alivyosema, neno lile moja, siku 28. Kompyuta 3.9. Simu 11.8! Nimetoka kwenye akaunti, nikatafuta kwa simu yangu: juu yote ni visanduku vya video, sisi tuna maandishi na picha. Kumbe laptop ilinipendelea nafasi moja au mbili tu, pengo lenyewe ni la kifaa.

Zuhura_K
Afadhali umeliona. Waliotafuta kwa simu ni wangapi?

Msukakurasa
Zaidi ya robo tatu ya maonyesho, dada. Ripoti nimeigawa safu mbili, simu na kompyuta, zote za Search Console, na washindani watatu kutoka kwenye programu chini yake. Mteja ameshaipokea. Kesho tunarekodi somo la kwanza la video.