Wigi ya inchi 18 imeishia mabegani: nani hajui kupima, mimi au muuzaji?

Mwalimu wa Hesabu, Kisumu

Hamjambo humu ndani. Nauliza kwa aibu kidogo, kwa sababu kazi inayonilisha ni kufundisha Gredi ya 7 hesabu, na vipimo vimo.

Mwezi jana niliagiza wigi mtandaoni. Nywele za watu, zile za kujikunja vikunjo vidogo vidogo, inchi 18. Kwenye picha msichana aliyevaa zinampita kwapa. Nikalipa shilingi 16,000, pesa niliyokuwa nimeiweka ya karo ya muhula ujao (mume wangu hasomi humu, natumaini). Kijana wa boda akaniletea hadi getini. Nikavaa mbele ya kioo, nikageuka huku na huku. Mabegani! Nikarudi mtandaoni nikampa muuzaji nyota moja na maneno ambayo singependa wanafunzi wangu wayasome. Akajibu kwa maneno mawili tu: "Ni 18."

Sasa Desemba kuna ayie (sherehe yetu Wajaluo ya kukubali posa) ya mdogo wangu nyumbani, Ahero. Mimi ndiye dada mkubwa, kumaanisha nitakuwa kwenye picha na nitakuwa jikoni, siku hiyohiyo. Safari hii nataka nywele zilizonyooka, na jicho langu liko kwa inchi 24. Kimo changu ni futi 5 na inchi 2. Kichwa ni kikubwa. Siku ya mahafali chuoni walinibadilishia kofia mara mbili.

Nisaidieni: hizi inchi zinaanza kuhesabiwa wapi? 24 kwa mtu mfupi kama mimi zitaishia wapi? Na kofia ya ndani ya wigi napimaje?

Baba Watatu, Bungoma

Mwalimu, mimi ni mwanamume na nimeingia hapa kwa bahati mbaya. Mke wangu alinunua ya inchi 30. Siku ya kwanza kuivaa, mlango wa matatu ukaibana ncha tukishuka stendi. Tulishuka sisi, na kipande kikaendelea na safari ya Malaba. Hayo tu.

Fundi wa Kondele

Mwalimu, pole, lakini kabla hatujamhukumu muuzaji fanya hivi. Chukua unywele mmoja wa hiyo wigi, wa pale utosini, uloweshe, uvute mpaka unyooke kabisa, uulaze kando ya rula. Rula ya wanafunzi wako ni sentimita 30, haifiki hata inchi 12, kwa hiyo itabidi uihamishe. Ukipata karibu na 18, hukuibiwa. Nywele za kujikunja hupimwa zikiwa zimevutwa, kisha ukiziachilia zinarudi juu. Mawimbi mapana hula inchi 1 au 2. Vikunjo vidogo kama vyako hula 4 au 5 bila kusema samahani. Ukitaka vikunjo vya kupita kwapa, ulipaswa kuagiza 22.

Mimi nashona wigi mwaka wa tisa huu, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa nguo, basi kupima ndiyo lugha yangu. Hilo swali lako la inchi zinaanzia wapi ndilo linalovunja urafiki wa wateja na mafundi, kwa sababu zinaanzia mahali pawili. Wigi iliyotoka kiwandani tayari, mara nyingi imepimwa kuanzia utosini, ikateremka kisogo, hadi ncha. Lakini nywele za mafungu, zile unazoniletea nikushonee, zimepimwa kutoka kwenye mshono wake hadi ncha. Na mshono huo ni mimi naamua utakaa wapi. Fungu la 18 nikilishona mstari wa chini kabisa, pale kisogo kinapokutana na shingo, zitashuka inchi 18 nzima kutoka hapo, na kwa kimo chako hicho ni kiunoni. Fungu hilohilo nikilipandisha utosini, inchi 7 hivi zinaishia kufunika kichwa kabla hazijaanza kuning'inia. Ndiyo maana unaweza kuwaona wanawake wawili wamesimama stejini, wote wanasema wamevaa 18, mmoja ziko mgongoni na mwingine kiunoni, na hakuna aliyedanganywa. Kwa hiyo muulize muuzaji: umeanzia utosini au kwenye mshono? Akianza kuzungukazunguka, mwache.

Sasa ujipime wewe mwenyewe, maana 24 ni urefu wa nywele, haikuambii itakuishia wapi. Tafuta uzi wa Brazil, ule wa kusukia. Mtu akushikie ncha moja utosini, mahali kichwa kinapoanza kuteremka nyuma. Simama wima na utazame mbele, usijaribu kuchungulia kioo, kwa sababu ukiinamisha kichwa mgongo unarefuka na uzi unakudanganya. Uzi ufuate mviringo wa kichwa hadi kisogoni, halafu uachwe uanguke wenyewe. Tia alama begani, usawa wa kwapa, kwenye mshipi wa sidiria, na kiunoni. Kisha upime uzi.

Tepu nayo uichunguze. Mimi nilikuwa na tepu ya kitambaa niliyotoka nayo kwenye cherehani, tulipendana. Wateja wa nywele fupi wakaanza kulalamika kuwa wigi zao zinapita kidevu kidogo. Nikabishana nao karibu mwaka mzima. Siku moja nikailaza tepu kando ya karatasi ya A4, ambayo upande wake mrefu ni sentimita 29.7 popote duniani. Tepu yangu ikasema 29 kasoro. Ilikuwa imevutika miaka yote ile na mimi nikiwaona wateja ndio wakorofi.

Mbele kuna hesabu yake. Kile kipande cha juu chenye njia, tunachokiita kloja, nywele zake zinashuka kando ya uso. Kutoka njia ya katikati hadi kidevu ni kama inchi 10 kwa watu wengi. Kloja ya 14 inakaribia mtulinga. Kuna watu wananiletea mafungu ya 22 na 24 pamoja na kloja ya 12 kwa sababu ilikuwa bei rahisi, wakidhani nitafanya muujiza. Nyuma mkia wa farasi, mbele mtoto wa shule. Kloja isiwe fupi kuliko fungu lako fupi kwa zaidi ya inchi 2.

Na kabla ya kulipia 24: kata uzi wa inchi 24, ubane utosini kwa pini, uuelekeze mbele, kisha uiname vile utakavyoinama kuwanawisha wageni mikono. Uje utuambie.

Wa Section 58, Nakuru

Fundi amesema vizuri ila mimi nina langu. Hapa Nakuru mwezi wa Julai hutoki asubuhi bila sweta na pengine jaketi juu. Nimegundua urefu mbaya kuliko wote ni ule unaogusa ukosi, inchi 12 hadi 14 kwangu. Nywele zinasuguana na sweta kutwa nzima, jioni kisogo kimejifunga mafundo kama kiota cha ndege. Wigi mbili nimeziua hivyo. Siku hizi ni 10, juu ya ukosi, basi. Mwalimu unasimama ubaoni siku nzima, 10 ingekufaa na ungebaki na karo.

Fundi wa Kondele

Wa Section 58, hiyo ni kweli kwa baridi yenu. Kisumu mchana unafika digrii 30, nani anavaa sweta? Hapa adui ni jasho la shingo, na helmeti ya boda. Kama anapanda boda kila siku ningekubaliana nawe. Lakini hii si ya kazini. Ni ya ayie, na dada mkubwa hawezi kwenda ayie na nywele za kidevuni wakati shangazi zake wamefunga vilemba vya kugusa dari.

Mwalimu wa Hesabu, Kisumu

Nimerudi na majibu, na heshima yangu imepungua.

Kwanza ule unywele. Nimeulowesha, nimeuvuta, nimeupima mara tatu kama ninavyowaambia watoto. Inchi 17 na nusu. Nimeenda kufuta nyota moja nikaweka nne (ile nusu inchi siisamehi). Muuzaji ameniandikia, "Asante mwalimu." Sikuwahi kumwambia mimi ni mwalimu. Kama uko humu unasoma, basi karibu, na niwie radhi.

Vipimo: kitinda mimba wangu mwenye miaka 9 ndiye aliyeshika uzi, akisimama juu ya stuli. Begani 11. Kwapani 15. Mshipi wa sidiria 17. Kiunoni 24 na nusu. Kwa hiyo 24 ingenifikia kiunoni kabisa, na kwa ufupi wangu ningeonekana nywele zimeamua kutoka na mtu.

Nikafanya jaribio la karai. Niliweka karai sakafuni, nikachukua jagi, mtoto akawa mgeni. Nilipoinama uzi ukaingia karaini kabla hata sijamimina. Mtoto akasema, "Mama, mgeni amenawa na nywele." Nikaukata ukabaki 18, nikainama tena: unaning'inia juu ya karai, hauzami. Halafu jana nimepanda tuktuk kutoka Kibuye, abiria wa kando yangu alikuwa na zile ndefu, upepo ukizipiga zinaniingia mdomoni hadi Kondele. Hapo uamuzi ukakamilika. Ni 18, zilizonyooka, kuanzia utosini, ambazo kwa uzi wangu ni inchi moja chini ya sidiria.

Imebaki kofia. Nimezungusha tepu (nimeijaribu kwa A4, iko sawa) nikapata 22 na nusu nywele zikiwa zimefumuliwa. Baada ya kusuka matuta nikapata 23. Nifuate ipi?

Fundi wa Kondele

Fuata ya matuta, kwa sababu ndivyo utakavyovaa. Na hakikisha umezungusha vizuri: anzia nywele zinapoanzia kwenye paji, pita nyuma ya masikio, uzunguke chini kabisa ya kisogo, urudi ulikoanzia. Watu wengi hupandisha tepu juu ya mfupa wa kisogo, wakapata namba ya kichwa kisicho chao. Kofia za kawaida zinazouzwa ni inchi 22 hadi 22 na nusu. Kwa 23 agiza kubwa. Ya kawaida itakuingia dukani, lakini itakubana, na ikishabana huanza kurudi nyuma polepole. Saa nane mchana paji limeongezeka vidole viwili, na kwenye picha za jioni wewe ni mtu mwingine. Kubwa ikilegea kidogo kuna ule mpira wa nyuma, unakazwa.

Pima pia kutoka paji hadi kisogo juu ya kichwa, na kutoka sikio hadi sikio kupitia juu. Hizo uniletee tu, nitajua la kufanya.

Kuhusu kununua: ukitaka 18 zenye ncha nzito, nunua mafungu ya 20. Fungu linaloandikwa 20 si kila unywele humo ni wa 20. Nyingi huwa fupi, na chache ndizo zinafika, kwa hiyo ncha zinakuwa nyembamba kama mkia wa panya. Nitakata inchi moja na nusu, mbili, zikae sawa. Nywele unaweza kuzipunguza, kuziongeza haiwezekani.

Tena uzito. Fungu kwa kawaida ni gramu 100 hivi, liwe la 12 au la 24. Nywele zikiwa ndefu katika gramu zilezile, idadi yake ni ndogo. Ndiyo sababu kwa 12 mafungu mawili yanajaza kichwa, lakini kwa 20 na kichwa chako mwalimu ninahitaji matatu, na ungeng'ang'ania 24 ningekuambia manne. Bei ya urefu si inchi peke yake.

Baba Watatu, Bungoma

Kumbe hii ni hesabu ya kweli. Ile ya 30 nitaileta ikatwe. Ile iliyobaki.

Mwalimu wa Hesabu, Kisumu

Fundi, kumetokea jambo. Bibi harusi mwenyewe amekuja jana akaona uzi mezani, akauliza, nikamweleza. Ameuchukua. Yeye ana futi 5 na inchi 8, alifuata upande wa baba, na amejipima kiuno kikatoka 27. Sasa anasema kwake 24 ni ya mgongoni tu na ndiyo anataka, na kuwanawisha wageni si kazi yake siku hiyo. Sina la kujibu, hesabu yake ni sahihi.

Nikuletee vichwa viwili Jumamosi?

Fundi wa Kondele

Jumamosi nimejaa hadi usiku. Njooni Jumatatu saa tatu, mkiwa mmeshasukwa matuta, na kila mtu aje na uzi wake.