Milioni tatu za chama: ETF za Marekani au hapa hapa nyumbani?

Muuguzi_Jinja: Wakubwa shikamooni. Chama chetu cha akiba kimegawana, na baada ya karo nimebaki na milioni 3 za Uganda. Shemeji yangu aliye Nairobi ananisukuma ninunue ETF ya S&P 500 kwa simu: mfuko mmoja, ndani yake kampuni 500 za Marekani. Anasema ada ni asilimia 0.03 kwa mwaka, yaani shilingi 900 kwa hizo milioni zangu. Mimi kitu rahisi hivyo nakiogopa. Nipeni uzuri wake na ubaya wake.

Kobe_Mbarara: Dada, si utapeli. ETF zinauzwa Marekani tangu 1993. Soko likiwa wazi unanunua na kuuza kama hisa yoyote, na kampuni moja ikifa unabaki na nyingine 499. Wenye hisa za Umeme peke yake, ile kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme Uganda, uliwaona mkataba wake ulipoisha Machi 2025? Walikuwa wanasoma magazeti kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Afande_Mstaafu: Karatasi za Wazungu hizo. Binti yangu, nunua nguruwe majike wawili. Mimba ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, halafu unahesabu vichwa. Hiyo ETF inazaa lini?

Kobe_Mbarara: Gawio linaingia kila robo mwaka, mzee wangu. Wanakata kodi asilimia 15 tu.

Dalali_Mdogo: Nani kakwambia 15? Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani. Gawio linakatwa 30 kabla halijakufikia. Hiyo 15 ni ya mifuko iliyosajiliwa Ireland, nayo inakatwa humo humo ndani ya mfuko, wewe huioni. Una ETF miaka mingapi na hujui unakatwa ngapi?

Kobe_Mbarara: Nimekosea namba, sijakosea hoja. Na miaka yangu usiihesabu.

Hajji_Kawempe: Hivi kila mada ya pesa humu lazima ifike kwa nguruwe? Waislamu tupo, tunasoma.

Afande_Mstaafu: Hajji, sijakukaribisha mezani. Nimetaja mtaji.

Hajji_Kawempe: Mbuzi naye mtaji.

Mama_Lira: Mbuzi anazaa mmoja, akijitahidi wawili. Tuseme ukweli, Hajji.

Hajji_Kawempe: Ukweli mnaoukimbia ni huu: huo mfuko wa shemeji yake umebeba mabenki ya riba. ETF zilizochujwa kisharia zipo, zinaacha riba na pombe. Hata mmoja wenu hakumuuliza dada dini yake, mko bize na banda.

Muuguzi_Jinja: Mimi Mkatoliki, Hajji, lakini asante.

Dalali_Mdogo: Turudi kwenye hesabu. Hizo 900 ni ada ya mfuko peke yake. Utanunua dola, benki itakula kwenye bei. Utazituma nje, watakata tena, na makato ya kutuma mara moja yanaweza kuzidi hizo 900 za miaka 20. Halafu dola yenyewe: aliyeinunua karibu 3,900 mwanzoni mwa 2024 alikaa akiiangalia inashuka. Hisa zake zinapanda kule, shilingi inamnyang'anya huku.

Kobe_Mbarara: Na shilingi ikianguka je? Hapo dola ndiyo inakuokoa. Sema zote mbili, kaka.

Mama_Lira: Mimi nina hatifungani za Benki Kuu, yaani naikopesha serikali. Unaanza na laki moja, riba inaingia kila miezi sita, na tarehe naijua. Za miaka 10 kwenda juu zinakatwa kodi 10 badala ya 20. Hiyo S&P mwaka 2022 ilishuka karibu asilimia 19. Dada ana watoto, shule zinafunguliwa Februari, na soko la New York halijui Februari yetu.

Kobe_Mbarara: Ndiyo maana hutumii pesa ya karo! Amesema ni BAADA ya karo. Someni.

Mama_Lira: Kobe, una watoto wangapi?

Kobe_Mbarara: Hilo linahusu nini?

Mama_Lira: Nimepata jibu. Hakuna pesa ya baada ya karo.

Mjane_Tororo: Naomba kuongeza kitu. Marehemu mume wangu alikuwa na hisa za nje kwenye simu yake. Hakuniambia neno la siri. Dalali wa huko anataka hati ya mahakama, nikipeleka anataka nyingine iliyogongwa muhuri mwingine. Mwaka wa pili huu. Salio naliona kwenye barua pepe ya kila mwezi, kulishika siwezi.

Dalali_Mdogo: Pole sana mama. Na zikizidi dola 60,000, Marekani ina kodi ya mirathi kwa wageni.

Mjane_Tororo: Hazifiki hata 2,000, mwanangu.

Afande_Mstaafu: Pole mama. Nguruwe hawana neno la siri.

Kobe_Mbarara: Mzee, mtu anaongea habari za msiba wake na wewe unaleta nguruwe? Aibu!

Mkulima_Iganga: Neno la siri hawana, homa wanayo. Mimi nilikuwa nao 14. Jumatatu mmoja aligoma kula, masikio yakawa mekundu. Ijumaa nilikuwa nachimba shimo la watano kwa mpigo, na wiki iliyofuata banda likawa jeupe. Daktari wa mifugo alikuja akasimama nje ya uzio, akasema homa hii haina dawa, asante, elfu thelathini ya mafuta. Jirani yangu wa kwake aliwauza kwa wachinjaji usiku, kabla habari hazijafika barabarani.

Afande_Mstaafu: Uliwalisha nini? Mabaki ya hoteli?

Mkulima_Iganga: Mabaki, ndiyo. Yaliyochemshwa.

Afande_Mstaafu: Yalichemshwa na nani?

Muuguzi_Jinja: Samahani wakubwa, kwa hiyo shemeji nimwambieje? Ananipigia jioni.

Hajji_Kawempe: Mwambie mbuzi.

Afande_Mstaafu: Mkulima, nimekuuliza swali. Yalichemshwa na nani, na kwa muda gani?

Mkulima_Iganga: Na mimi mwenyewe, afande, kwenye pipa, kuni zangu, masaa mawili. Hapa si kituoni.